Utabiri wa Nzige na Elimu ya Ghaibu



Himdi zote ni za Allah, aendeshaye pepo na mawingu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu, mwenzetu mmoja anayesomea kilimo aliniuliza: mtu anayesema nzige watafika mahali fulani wiki ijayo, je, hadai elimu ya ghaibu? Akanitajia aya ya mwisho ya Suratu Luqman. Kwake swali ni zito. Kazi anayoitaka ndiyo hiyo, na baba yake amekwisha kumwambia kwamba mshahara wake utakuwa sawa na malipo ya kahini.

Naanza na neno lenyewe. Tunasema utabiri kwa mpiga ramli, na utabiri kwa hali ya hewa. Asili yake ni Kiarabu, taabiri, kufasiri ndoto, kama alivyofanya Nabii Yusuf (a.s.). Lakini Yusuf alifundishwa na Mola wake. Mtaalamu wa nzige hafunuliwi kitu. Anasoma yaliyokwisha kutokea.

Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu mwezi Mei na Luban mwezi Oktoba, vilileta mvua katika jangwa la Rub' al-Khali, kusini mwa Bara Arabu. Nzige hutaga katika mchanga wenye unyevu. Majani yakaota, tunutu wakala wakakua, kizazi baada ya kizazi, mahali pasipo na watu wa kuwaona. Wakaingia Yemen, kisha Somalia na Ethiopia. Mwishoni mwa Desemba 2019 walikuwa Kenya, na Februari 2020 wakaingia kwetu Uganda kupitia Amudat. Nzige huruka mchana wakifuata upepo, hata kilomita 100 au zaidi kwa siku, na huo ulikuwa msimu wa kaskazi. Anayejua mvua iliponyesha na upepo unakoelekea anaweza kukadiria. Hakuna jini hapo!

Tena yeye husema: upepo ukibaki hivi. Kahini hana "ukibaki". Upepo una Mwenyewe, na siku ukigeuka hesabu hufanywa upya. Basi malipo ya kazi hiyo siyaoni kuwa na shaka yoyote.

Wako wanaosema nzige ni adhabu, wametajwa katika Suratul A'raf pamoja na habari za Firauni, basi tusiwazuie. Sikubaliani nao. Maswahaba waliwala nzige wakiwa vitani pamoja na Mtume (s.a.w.), kwa hiyo ni riziki pia. (Waliopuliziwa dawa usiwale, ni sumu.) Na Yusuf, alipojua miaka ya njaa inakuja, aliagiza nafaka iwekwe ikiwa ndani ya masuke yake.

Kundi la nzige la kilomita moja ya mraba hula kwa siku chakula cha watu 35,000. Tunutu hawana mabawa ya kurukia. Habari ikifika Karamoja mapema, wapulizaji huwakuta wangali chini, kabla mtama wa mtu haujaguswa.

Wallahu aalam.