Amri ya Nane na Sikio la Mkristu

Amri ya nane ya Mungu yakataza ushuhuda wa uwongo. Wengi hufikiri kwamba amri hiyo yamhusu asemaye tu. Lakini anunuaye mali ya wizi hukosa pamoja na mwizi. Vivyo hivyo apendaye kusikia uwongo hukosa pamoja na mwongo.

Yaliyotukia Rwanda yaonyesha jambo hilo. Mwezi wa Julai 1993 redio iitwayo RTLM ilianza kusema mjini Kigali. Watu waliipenda kwa muziki wake na mizaha yake. Lakini ilisema kwa ajili ya upande mmoja tu. Watangazaji wake waliacha kazi ya mwandishi wa habari, ndiyo kwenda kuona, kuuliza pande zote mbili na kusahihisha kosa. Watutsi waliwaita mende. Waliosikiliza sauti hiyo peke yake, mwishowe hawakumwona tena jirani kuwa mtu. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, redio ilitaja majina ya watu na mahali walipojificha, na wauaji wakaenda huko. Kwa siku 100 hivi walikufa watu wapatao 800,000. Wengi wa wauaji walikuwa wamebatizwa.

Desemba 2003, mahakama ya mataifa huko Arusha iliwahukumu wakubwa wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Silaha yao ilikuwa maneno.

Hata hivyo, nchi hiyohiyo ilikuwa na Padri André Sibomana, mhariri wa gazeti la Kikatoliki Kinyamateka tangu 1988. Gazeti lake lilifunua rushwa ya wakubwa. Naye akashitakiwa, wala hakuacha kuuliza. Nikodemo vilevile, wenzake Mafarisayo walipotaka kumhukumu Yezu, aliwakumbusha kwamba Sheria haimhukumu mtu asiyesikilizwa kwanza.

Leo habari hufika kijijini kwa redio na kwa simu, na nyingi hutoka upande mmoja. Basi mkatekumeni, akisikia watu wa kabila au wa chama fulani wakitukanwa, ajiulize: Nani ameona kwa macho yake? Anayeshitakiwa amejibu nini? Nani atapata faida habari hii ikisadikiwa? Akikosa jibu, afunge mdomo, asiyapeleke maneno hayo kwa mwingine. Kisha aende kwa yule jirani, amsikilize.

Maana siku ya hukumu kila mtu atatoa hesabu ya mkono wake, na ya ulimi wake, na ya sikio lake pia.