Namba Ambayo Mwili Hauihisi

Kompyuta ya kupigia mbizi ni chombo cha kuvaa mkononi kinachopima mambo mawili: shinikizo la maji na muda uliopita. Kutokana na hayo mawili hukokotoa la tatu ambalo hakijalipima kamwe, yaani kiasi cha nitrojeni kilichokwisha kuingia mwilini mwa aliyekivaa, na dakika alizobakiwa nazo kabla ya kupoteza uhuru wa kupanda moja kwa moja hadi juu. Uhai wake hutegemea jambo hilo la tatu. Hapo linazaliwa swali la kale la falsafa: mtu ana haki gani ya kuiamini namba asiyoweza kuihisi, na ambayo akiwa chini hana njia ya kuikagua? Na kama kuamini hakuepukiki, chombo kinachostahili kuaminiwa hutambulikanaje? Sehemu kubwa ya jibu imo katika jambo ambalo wanunuzi wengi hulihesabu kuwa la starehe tu, nalo ni urahisi wa kusoma kioo chake.

Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza shinikizo linalokaribia lile la hewa yote iliyoko juu ya nchi kavu. Kwenye kina cha mita 30, mpiga mbizi huvuta hewa yenye shinikizo mara nne ya ile ya ufukweni, na karibu asilimia 79 ya hewa hiyo ni nitrojeni, gesi ambayo mwili hauna kazi nayo. Huyeyuka katika damu, kisha katika misuli, mafuta na maungio. Mtu akipanda taratibu, gesi hutoka kupitia mapafu. Akipanda kwa pupa, hugeuka mapovu ndani ya mwili, na mapovu hayo huweza kuleta maumivu ya viungo, ganzi, kupooza, hata kifo. Njaa huuma na moto huchoma, lakini nitrojeni inayojaa haina dalili. Maumivu huja baadaye, mara nyingi mtu akiwa amekwisha kuvua mtungi na kuketi mashuani.

Magharibi ya kisiwa cha Pemba, karibu na Misali, matumbawe hushuka kama ukuta kuelekea mkondo ambao kina chake hupita mita 800. Maji ni maangavu na chini hakuonekani. Jicho halina kitu cha kupimia, na mpiga mbizi anayemfuatilia kasa huweza kushuka mita kadhaa bila kujua kuwa ameshuka. Mahali kama hapo milango ya fahamu yote mitano iko macho, na hakuna hata mmoja unaoleta habari inayotakiwa.

Namba inayoziba pengo hilo ina historia ndefu. Mwaka 1908 mwanafiziolojia John Scott Haldane, akilifanyia kazi Jeshi la Majini la Uingereza, alichapisha pamoja na wenzake Boycott na Damant majedwali yaliyotokana na majaribio ya kuwaweka mbuzi katika chumba cha shinikizo. Aliugawa mwili, kwa hesabu, katika sehemu 5 zinazopokea nitrojeni kwa kasi tofauti: ile ya haraka kabisa hufika nusu ya kujaa kwa dakika 5, ile nzito kwa dakika 75. Baadaye Albert Bühlmann wa Zürich alizifikisha sehemu hizo 16. Hesabu yake, pamoja na nyingine za ukoo huohuo, ndiyo inayoendesha kompyuta nyingi za leo.

Sehemu hizo 16 hazipo popote katika mwili wa binadamu. Ni mfano wa hesabu uliorekebishwa mpaka matokeo yake yakakaribiana na yaliyowapata mbuzi na watu. Kwa hiyo kioo kinapoandika dakika 12, hakisemi habari za mtu huyu, mwenye umri huu, aliyekosa usingizi jana na kunywa maji kidogo asubuhi. Husema habari za mwili wa kubuni uliopita katika kina hichohicho kwa muda huohuo. Takriban mtu mmoja kati ya wanne ana kijitundu kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo ambacho hakikufunga sawasawa baada ya kuzaliwa, na ambacho huweza kupitisha mapovu hadi kwenye damu inayokwenda ubongoni. Kompyuta haikijui kijitundu hicho. Mara nyingi hata mwenye moyo hakijui.

Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilikabili swali la aina hii bila bahari wala mtungi. Katika kitabu chake *Al-Munqidh min al-Dalal* anaeleza jinsi alivyopoteza imani katika hisi zake. Jicho huiona nyota ikiwa ndogo kama sarafu ya dinari, ilhali hesabu za wanajimu zinathibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Jicho hukiona kivuli kimesimama, na baada ya saa moja mtu hutambua kuwa kilikuwa kikisogea muda wote. Basi akili ikawa hakimu wa hisi. Lakini Al-Ghazali hakuishia hapo. Aliuliza ni nani anayemhakikishia kuwa akili yenyewe haina hakimu mwingine juu yake. Aliyelala huamini ndoto yake kwa uhakika wote, na hujua kuwa ilikuwa ndoto anapoamka tu. Shaka hiyo ilimkalia kwa karibu miezi miwili, na kwa maelezo yake hakuponywa na hoja yoyote, bali na nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake.

Mpiga mbizi hupita katika ngazi hizohizo mbili za shaka, tena kwa mwili wake. Ya kwanza imekwisha kuelezwa: hisi hazisemi kitu. Ya pili huanza karibu na kina cha mita 30, ambako nitrojeni yenye shinikizo kubwa huanza kulevya. Wengine hupata furaha isiyo na sababu, wengine hofu, na wengi huwa wazito wa kufikiri pasipo wao wenyewe kulitambua hilo. Mtu huitazama namba, huiona, na haimwambii kitu. Au huisoma na kuisahau kabla mkono haujashuka. Maana yake ni kwamba akili iliyotakiwa kuihukumu namba imedhoofika palepale hukumu inapohitajika. Akipanda mita chache ulevi humtoka, kama anayeamka, na hapo ndipo hujua kuwa alikuwa amelewa.

Jambo hili linabadilisha maana ya kuchagua. Aliye chini hana nafasi ya kufanya uchunguzi, hufuata tu. Wanazuoni wa Kiislamu hukuita kufuata kauli ya mwingine bila kujua dalili yake taklidi, na Al-Ghazali hakuridhika nayo kwa mtu mwenye uwezo wa kuchunguza. Mpiga mbizi anao uwezo huo, ila anao nchi kavu. Uhuru wake wote wa kuhoji umo katika saa alizokaa na chombo kabla ya kuingia majini, na chombo kizuri ni kile kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye akili yake haitakuwa timamu wakati wa kukisoma.

Kwa hiyo ukubwa wa tarakimu si pambo. Mambo matatu yanapaswa kuonekana kwa mtupo mmoja wa jicho, bila kubonyeza chochote: kina, muda uliopita, na dakika zilizobaki. La nne ni kasi ya kupanda, ambayo mafunzo mengi siku hizi huitaka isizidi mita 9 au 10 kwa dakika. Mengine yote, kuanzia joto la maji na saa ya mchana hadi dira na tarehe, yangoje kurasa za nyuma. Kioo kinachoyapanga yote kwa ukubwa uleule humlazimisha msomaji kutafuta, na kutafuta ndiko anakoshindwa aliyelewa nitrojeni. Lililo muhimu zaidi ni mabadiliko ya hali: muda wa kupanda bila vituo vya kusubiri njiani ukiisha, kompyuta nyingi hubadilisha maana ya namba iliyo palepale, na zilizokuwa dakika zilizobaki huwa dakika za kusubiri. Chombo kisichoyatenganisha mambo hayo mawili waziwazi hakifai kwa anayepiga mbizi kwa kujifurahisha, hata kama kinasifiwa namna gani.

Dukani taa hudanganya. Chini ya maji, rangi nyekundu ya mwanga wa jua hupotea ndani ya mita chache za mwanzo, hivyo alama nyekundu iliyochapwa kwenye fremu huonekana kahawia au nyeusi; nyekundu inayotoka kwenye kioo chenye mwanga wake chenyewe hubaki nyekundu, kwa kuwa husafiri urefu wa mkono tu. Vioo vya kijivu vyenye tarakimu nyeusi husomeka vizuri juani na betri yake huweza kudumu mwaka na zaidi, ila penye kiza huhitaji taa. Vile vya rangi hung'aa vizuri kwenye kiza lakini huhitaji kuchajiwa mara kwa mara. Halafu kuna miwani yenyewe. Maji na kioo cha miwani hufanya kitu kionekane kikubwa zaidi kwa karibu theluthi moja, na kiwe kama kimesogea hadi robo tatu ya umbali wake. Kwa mtu aliyepita miaka 45, ambaye jicho lake halikazi tena kwenye vitu vya karibu, ukubwa humsaidia na ukaribu humwumiza. Jaribio la maana ni kuvaa miwani yake ya kupigia mbizi, kunyoosha mkono, kuupinda kioo kitazame pembeni kidogo, na kusema dakika zilizobaki ndani ya sekunde moja.

Ila uwazi nao una hatari yake. Namba kubwa, nyeupe, isiyo na kivuli, huonekana kuwa kweli kuliko ilivyo. Hakuna kioo kinachoandika kuwa dakika 7 ni makadirio juu ya mwili wa kubuni. Mwanafalsafa Onora O'Neill, katika mihadhara yake ya Reith ya mwaka 2002, alitetea wazo kwamba imani huwekwa kwa busara pale mtu anapoweza kuuliza na kuhakiki, na kwamba kumwagia watu habari nyingi si lazima kuwape uwezo huo. Kwa mpiga mbizi, maana yake ni kusoma kitabu cha maelekezo, kujua kompyuta inatumia hesabu ipi, na kuiweka kwenye ngazi ya tahadhari inayolingana na umri na afya yake. Urahisi wa kusoma humfikisha kwenye namba. Kujua mipaka ya namba ni kazi yake mwenyewe.

Walionyimwa namba hiyo wanaonyesha thamani yake. Wapiga mbizi wa Kimiskito wa Honduras, wanaovua kamba-koche, walishuka kwa miaka mingi na mitungi mingi kwa siku moja, wengi wao bila hata kipimo cha kina, na wengi wamepooza. Mwaka 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Mabara ya Amerika ilitoa hukumu kuhusu wapiga mbizi 42 miongoni mwao, na Honduras ilikubali kubeba dhamana. Hawakuwa wazembe kuliko watalii wa Pemba. Walichokuwa nacho ni mwili tu, na mwili hauna habari hiyo.

Linabaki suala la vyombo viwili visivyokubaliana. Kwa kina cha mita 18, jedwali la mwaka 1988 la PADI, shirika la mafunzo ya kupiga mbizi, lilitoa dakika 56 za kukaa chini kabla ya vituo kuwa lazima, na jedwali la zamani la Jeshi la Majini la Marekani dakika 60. Kompyuta za hesabu tofauti hupishana vivyo hivyo kwenye mikono ya watu wawili wanaoogelea bega kwa bega. Hakuna njia ya kujua pale chini ni ipi iliyo karibu zaidi na ukweli wa miili yao. Kanuni iliyokubalika ni kufuata ile yenye dakika chache, na anayetaka kupanda humwonyesha mwenzake kidole gumba kikielekea juu, wala hadaiwi maelezo. Sababu za tofauti huzungumzwa mashuani, vioo vyote viwili vikiwa mezani na vitabu vya maelekezo vimefunguliwa.