Shilingi kwa Shilingi, Bila Hila

Neno letu wiki hii liko 2 Wakorintho, mlango wa 8 na wa 9. Lakini kabla ya kuhubiri, naanza na toba.

Mwaka jana, kwenye mchango wetu wa Turkana na wa ndugu zetu wakimbizi wa Kakuma, nilisimama mbele yenu nikatangaza: "Kila shilingi utakayotoa, kanisa litaongeza shilingi!" Mkashangilia, mkatoa. Ukweli ni kwamba zile laki 2 za kanisa wazee walikuwa wameshazipitisha. Zingeenda tu, hata kama hakuna mtu angetoa ndururu. Na mimi nilijua. Nilisomea biashara, najua mteja akisikia "nunua moja, upate ya pili bure" mkono unafunguka haraka. Nikaleta mbinu ya duka nyumbani mwa Bwana.

Aliyenishika ni mama mmoja anayeuza sukuma wiki. Alikuwa ametoa hela ya kununulia mboga za kesho yake. Baada ya ibada akaniuliza kwa upole: "Pasta, kama mimi nisingetoa, zile za kanisa zingeenda wapi?" Nilikosa jibu.

Sasa tumwangalie Paulo. Alikuwa akichangisha makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Aliwaeleza Wakorintho jinsi Wamakedonia, wakiwa maskini wenyewe, walivyotoa kupita uwezo wao. Na kule Makedonia alikuwa amewasifu watu wa Akaya, bidii yao ikawaamsha wengi. Unaona? Paulo naye alijua kwamba kutoa kwa mmoja humwamsha mwingine. Hiyo si dhambi, amen? Lakini aliyoyasema yalikuwa kweli. Tena hakutaka kubeba mchango peke yake: makanisa yalichagua ndugu wa kusafiri naye, asije mtu akapata la kumlaumu.

Kwa hiyo mwaka huu wazee wamekubali hivi. Laki 1 inaenda kwa maskini bila sharti lolote, maana njaa haingoji sisi tumalize hesabu. Laki 2 nyingine ziko kwenye akaunti ya paa la kanisa. Kila shilingi utakayotoa itatoa shilingi moja huko, mpaka hizo laki 2 ziishe. Mkitoa elfu 80, elfu 80 zitatoka, na elfu 120 zitabaki za mabati. Mweka hazina atabandika hesabu mlangoni kila Jumapili, uisome mwenyewe. Sasa swali la yule mama lina jibu.

Utasema, "Pasta, na paa likichelewa?" Tutaweka ndoo chini ya matone, tuendelee kuabudu. Benki ya Dunia inahesabu watu zaidi ya milioni 800 duniani wanaoishi chini ya kipimo chake cha dola 3 kwa siku. Sisi hatuwezi kuwafikia wote. Ila Kakuma tunaijua, na njia ya kwenda tunaijua.

Jambo la mwisho, na ulishike. Usikope kwa simu ili hela yako iongezwe. Usiguse karo ya mtoto. Paulo anafundisha kwamba mtu hukubaliwa kwa kile alicho nacho, si kwa asicho nacho. Yule mjane wa Luka 21 aliweka senti mbili, hakuna aliyemwongezea kitu, na bado Yesu alimhesabu kuwa ametoa kuliko wote. Nyongeza ya kanisa haipandishi sadaka yako mbele za Mungu. Inaongeza tu unga kwenye sufuria ya mtu.

Mama, na nyote mlioniamini mwaka jana, nisameheni. Safari hii toeni mkijua ukweli wote. Na usipokuwa na kitu, njoo tuombe pamoja. Mlango ni ule ule.

Mungu awabariki.