Kujaza na Kusaza

Mtu mwenye chombo cha mia akikijaza themanini kwa kusudi, je, ni mwenye busara, au anainyima nafsi yake? Swali hili halikunijia kutoka vitabuni. Lilinijia nyumbani Korogwe, wakati wa likizo, kwa sababu ya betri ya kompyuta yangu ya mapajani.

Betri za ioni za lithiamu, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1991, zina tabia ya ajabu: huchakaa upesi zikikaa zimejaa pomoni, na joto huzidisha uharibifu. Korogwe hatuna upungufu wa joto. Mwaka huo huo Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa kiini cha mfumo wa Linux, mfumo huria ambao kila mtu ana ruhusa ya kuusoma na kuubadili. Humo, kikomo cha kujaza betri ni namba tu iliyoandikwa katika faili dogo. Mwenye mashine akiandika 80, umeme husita ufikapo hapo. Si mashine zote zikubalizo; pale ambapo mtengenezaji hakuacha mlango, mwenye mali hugonga ukuta.

Nilimfundisha jambo hili mwanafunzi wangu mmoja wa Handeni, nikalisifu kuwa ni mfano wa kiasi. Alitii. Majuma machache baadaye umeme ulikatika kwao tangu asubuhi hata usiku, na mashine ikazimika kabla hajamaliza sura aliyotakiwa kuileta siku ile. Alichelewa. Alipokuja hakunilaumu. Aliniamkia, kisha akasema tu, "Mwalimu, kwetu pipa hujazwa."

Neno lile lilinikaa moyoni. Handeni ni nchi kavu. Maji ya mto Pangani husukumwa kutoka Korogwe kupelekwa huko, na yakifika watu hujaza kila chombo, hata sufuria. Ni vigumu kumhubiri kiasi mtu ambaye bomba lake halina ahadi. Mimi niliye jirani wa mto, na wa mitambo ya umeme ya Hale iliyojengwa juu yake miaka ya 1960, nilikuwa nimeifanya hali yangu kuwa sheria ya mwenzangu.

Hata hivyo pipa halizeeki kwa kujaa, betri huzeeka. Hapo mfano wake unapungukiwa, maana betri mpya ataitafutia fedha yeye mwenyewe. Basi hasara ziko pande zote mbili, na anayestahili kuzipima ni yule atakayezilipa. Kwa hiyo naithamini ile namba kwa kuwa i mkononi mwake. Mfumo ambao ungeamua kwa niaba yake, hata kwa nia njema, ungekosea kama nilivyokosea mimi, tena pasipo kuona haya.

Siku hizi huandika 100 usiku wa kuamkia kazi nzito, na kazi ikiisha huirudisha 80. Mimi ningali katika 80. Lakini mtu akiniomba ushauri ule, kwanza humwuliza umeme wa kwao ukoje.