Kutu ya Asubuhi Moja



Magari katika uwanja wa kanisa yameongezeka kuliko zamani, na wengi wenye magari huyaosha Jumamosi jioni ili waje Ibada ya Jumapili yakiwa safi. Ni desturi njema. Lakini asubuhi yake, mwenye gari akiinama na kuchungulia kwenye matundu ya rimu, huona jambo la kumshtua. Diski ya breki iliyokuwa iking'aa jana kama kisu kipya imevaa utando mwembamba wa rangi ya chungwa. Ni kutu. Gari limeoshwa, na palepale palipooshwa pameota kutu! Wengine hudhani wameuziwa gari bovu. Wengine husema hawataosha tena magurudumu. Yafaa tuitazame kutu hiyo kwa makini, maana ina fundisho hata kwa mtu asiyekuwa na baiskeli.

Tuanze kama tulivyokuwa tukiwafundisha walimu wanafunzi chuoni, yaani kwa kukitazama kitu chenyewe kabla ya kukisemea. Diski ni sahani nene ya chuma, nayo huzunguka pamoja na gurudumu. Dereva akikanyaga breki, pedi mbili huibana sahani hiyo huku na huku, na mwendo wa gari hugeuka kuwa joto. Breki ya namna hii si jambo jipya. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza yake mwaka 1902, na mwaka 1953 gari la Jaguar lenye breki za diski lilishinda yale mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Hata leo diski za magari mengi ni za chuma cha kusubu, kwa sababu chuma hicho hustahimili joto na kulitawanya vizuri, tena si ghali. Udhaifu wake ni mmoja: kikipata maji na hewa kwa pamoja, oksijeni hushikamana nacho upesi, na kutu huonekana baada ya saa chache tu.

Bodi ya gari haipatwi na jambo hili upesi, kwa sababu imepakwa rangi. Mbona basi uso wa diski haukupakwa rangi? Ni kwa sababu kazi yake ni kukutana na pedi, chuma kikiwa kitupu. Mtu akiupaka rangi, mafuta au girisi ili usiote kutu, atakuwa ameilinda diski na kuliharibu gari. Pedi zitateleza, na gari halitasimama penye watoto wanaovuka barabara.

Dawa yake ni nini basi? Ni kazi. Baada ya kuosha, gari liendeshwe kidogo, polepole, dereva akikanyaga breki taratibu mara chache mahali pasipo na hatari, ili joto liikaushe diski kabla ya gari kuegeshwa. Na kama kutu imekwisha kuota, safari ya asubuhi yatosha. Breki hukwaruza kidogo katika kusimama kwa mara ya kwanza na ya pili, kisha pedi hulifuta lile vumbi jekundu, na diski hung'aa tena. Hakuna fundi aliyeitwa, wala hakuna kilichonunuliwa.

Lakini gari lile lile likiachwa limeegeshwa mwezi baada ya mwezi, hasa huku pwani ambako hewa ina chumvi, mambo hubadilika. Kutu haibaki juu juu. Huchimba vishimo katika uso wa diski, na pengine pedi huganda hata gurudumu likakataa kuzunguka. Hapo safari ya asubuhi haitoshi tena. Diski itakerezwa kwa mashine, au itatupwa na kununuliwa nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa tufungue Maandiko. Bwana wetu, katika Mathayo 6, asema juu ya hazina za duniani ambazo nondo na kutu huziharibu. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya 5, awaonya matajiri kwamba kutu ya dhahabu yao na fedha yao itawashuhudia. Twaona nini? Mahali pote pawili kutu imeshika vitu vilivyowekwa akiba na kufungiwa, vitu visivyomfaa mtu. Nabii Ezekieli, katika sura ya 24, asimulia habari ya sufuria ambayo kutu yake imeng'ang'ania hata moto ukashindwa kuitoa. Hiyo ndiyo kutu inayoogopwa katika Biblia, kutu iliyoachwa ikakaa.

Twasema haya kwa sababu ya jambo linaloonekana kila mwaka baada ya Pasaka. Mtu amefunga Kwaresima yote. Ameacha pombe siku 40, ametubu, na Pasaka amezirudia ahadi za ubatizo wake pamoja nasi. Jumatatu ya Pasaka jamaa wanamfikia, chupa inafunguliwa, naye anakunywa. Jumanne anajitazama na kusema moyoni, "Kumbe sikuoshwa." Jumapili ifuatayo hayuko. Mkewe anakwenda Meza ya Bwana na watoto wanamfuata nyuma, wakigeuka kutazama mlangoni. Ukimwuliza, atakuambia kazi zimembana. Inapofika Majilio amekwisha kuzoea kukaa nyumbani, na chupa iliyokuwa ya sikukuu imekuwa ya kila siku.

Hatusemi kwamba kosa la Jumatatu lilikuwa dogo. Kutu ni kutu. Twasema kwamba lilikuwa kutu ya asubuhi moja, na kwamba lililomharibu zaidi ni kule kujiegesha. Alidhani kutu ni ushahidi kwamba hakuoshwa. La, ndugu. Diski ile iliota kutu si kwa kuwa maji yalikuwa ya uongo, bali kwa kuwa ilikuwa chuma kitupu katika ulimwengu wenye hewa na maji. Nasi bado tumo ulimwenguni.

Mkumbukeni Mtakatifu Petro. Usiku ule wa karamu Bwana alipotaka kumwosha miguu, Petro alikataa, kisha akataka aoshwe na mikono na kichwa pia. Bwana akamfahamisha kwamba aliyekwisha kuoga hana haja ila ya kunawa miguu. Tazameni jinsi lilivyo neno la faraja. Ubatizo wetu ni mmoja, haurudiwi. Lakini miguu hushika vumbi kila siku, nayo yanawishwa kila siku. Na kabla jogoo hajawika, Petro yule yule aliyenawishwa miguu alimkana Bwana mara tatu. Maji yalikuwa hayajakauka, tungeweza kusema, na kutu ilikwisha kuota.

Yuda naye alinawishwa miguu usiku ule ule. Naye alijuta. Lakini alikwenda na majuto yake peke yake, wala hakurudi kwa wenzake. Petro alilia, akarudi kwa wenziwe, akaonekana nao penye ziwa, kama tusomavyo katika Yohana 21. Hapo Bwana hakumwambia, "Kaa kando kwanza mpaka utakate." Alimwuliza mara tatu kama ampenda, kisha kila mara akampa kazi, awatunze kondoo wake. Yeye aliyemsamehe ndiye aliyempa kazi, na katika kazi hiyo Petro aling'aa tena.

Tusije tukakosea hapa. Hatusemi kwamba kazi zetu ndizo zinazotuosha. Diski haijioshi yenyewe, wala haijizungushi. Huzungushwa na gurudumu, na pedi hubanwa na mguu wa dereva. Msamaha ni wa Bwana tangu mwanzo hata mwisho. Sehemu yetu ni kutokujitoa katika gurudumu. Ukianguka Jumatatu, ungama Jumatatu, na Jumanne ushike kazi uliyopewa. Kama wewe ni mwimbaji, nenda mazoezini. Kama hufagia kanisa, chukua ufagio. Jumapili uje pamoja na wengine, hata kama kusimama kwako kwa mara ya kwanza kutakwaruza.

Jambo moja zaidi. Mafundi husema kwamba mkwaruzo wa asubuhi ukiisha baada ya mwendo kidogo, hapana neno. Ukiendelea kutwa nzima, usidanganyike kwamba ni maji ya kuoshea. Pengine pedi zimekwisha na chuma kinasaga chuma, basi nenda gereji leo. Vivyo hivyo kuna dhambi na huzuni ambazo mtu haziwezi akiwa peke yake. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kinamwalika mtu ambaye dhamiri yake haitulii aende kwa mchungaji, afungue moyo wake, kabla ya kuja Mezani. Kwenda huko si aibu. Mwenye busara huenda mapema, diski ikali ya kukerezwa.

Na sisi tunaoendelea kuja, tuna wajibu. Kila mmoja wetu amjua ndugu mmoja ambaye hajaonekana tangu Pasaka. Juma hili tumwendee. Tusimwulize alikuwa wapi, wala tusimsomee makosa yake. Tumwambie kwamba nafasi yake katika kiti iko wazi, na kwamba kuna kazi inamngoja. Tukienda hivyo tutakuwa tumefanya alivyofanya Bwana pale penye ziwa.

Mungu Mwenyezi, aliyetuosha mara moja katika ubatizo, atunawishe miguu kila siku, asituache tukae mpaka kutu itule, bali atutumie katika kazi yake mpaka tutakaposimama mbele zake. Amina.