Wajane wa Yafa na Simu Iliyo Mkononi Mwako

Tafakari ya juma
Somo: Matendo ya Mitume 9:36–42



Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumelelewa nayo, na ina hekima yake. Lakini imewanyamazisha mama zetu wengi. Mama anasuka kapu, anafuma kitambaa cha meza, anafinyanga chungu, kisha anakiweka ndani akisubiri mtu apite, akione, aulize bei. Ukimwambia akionyeshe, anaona haya, kama vile umemwambia ajitembeze. Miezi inapita. Kitambaa kinashika vumbi, chungu kinageuzwa chombo cha kuwekea vitunguu, na binti wa nyumbani anajiambia moyoni kwamba kazi ya mama haina faida. Juma hili nawaomba tuiweke methali hiyo mbele ya Neno la Mungu, maana hapa Mombo na huko juu milimani kuna kazi njema zisizouzika kwa sababu moja tu: hakuna aliyesimama kuzionyesha.

Katika mji wa Yafa alikuwako mwanafunzi jina lake Tabitha, aitwaye pia Dorkasi. Aliugua, akafa. Wakamwosha, wakamlaza orofani. Petro alikuwa Lida, mji ulio karibu, wakatuma watu wawili wamwite. Alipofika na kupandishwa orofani, wajane wote walisimama karibu naye wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkasi alizishona alipokuwa pamoja nao.

Tukae hapo kidogo. Luka hakutuandikia neno hata moja lililotoka kinywani mwa Dorkasi. Hatujui alihubiri nini wala aliimba nini. Tunachojua ni kazi ya mikono yake, na tunaijua kwa sababu wengine waliishika mbele ya mgeni. Dorkasi hakujitembeza, hata angetaka asingeweza, amelala pale amefumba macho. Walioonyesha ni wale waliofaidika na sindano yake. Hawakuleta sifa za maneno. Walileta nguo zenyewe, mshono unaoonekana, kitambaa kinachoshikika.

Basi kizuri chajiuza, ndiyo, ila kikishaonekana. Na Neno linatufundisha kwamba kukionyesha si lazima iwe kazi ya aliyekitengeneza. Ni huduma ya jirani yake. Bwana Yesu alituonya katika Mathayo 6 tusitende mema ili watu watutazame, na katika mlango wa 5 wa Injili hiyo hiyo akatuambia taa haiwashwi ikafunikwa pishi. Wengi tunaona maneno hayo mawili yanagongana. Mimi naona wajane wa Yafa wameyapatanisha: Dorkasi alitenda bila kujitangaza, na wenzake wakaiweka taa yake juu ya kinara.

Sisi wa Mombo tunajua maana ya kuonekana na mpita njia. Mji wetu ni lango la Usambara. Reli ya kutoka Tanga ilipofika hapa mwaka 1905, mali ya milimani ilipata mahali pa kukutana na msafiri. Leo ni mabasi ya barabara kuu, na magari yanayopanda kona za Soni kwenda Lushoto. Msafiri huona bidhaa dirishani kwa muda mfupi tu, lakini anaweza kunyoosha mkono, akaishika, akaipima uzito, ndipo atoe fedha. Mithali 31 inamaliza kwa kusema kwamba matendo ya mwanamke yule hodari yamsifu malangoni. Na huyo ni mwanamke anayefanya nguo za kitani na kuziuza. Lango letu lipo. Siku hizi limeongezeka lango jingine, nalo limo mfukoni mwa kijana: simu. Mtu wa Dodoma, wa Mombasa au wa Muscat anaweza kulitazama kapu la mama aliyeko Mombo. Ila huyo hawezi kunyoosha mkono akalishika. Anategemea picha peke yake. Kwa hiyo anayepiga picha hiyo amesimama mahali pa wale wajane, na inampasa aijue kazi yake.

Nimewahi kumsikia kijana akisema hawezi kuwapigia mama zetu picha kwa kuwa hana kamera nzuri wala taa za studio. Namwambia hivi: taa kubwa kuliko zote Mungu alikwisha kuiwasha. Asubuhi jua huchelewa kutufikia kwa sababu linatokea nyuma ya milima, upande wa Soni. Kuna muda ambao kumekucha, mwanga umejaa uani, lakini jua lenyewe bado halijatuchoma. Huo ndio wakati mzuri. Mchana wa Mombo jua ni kali, linachora vivuli vyeusi na kuunguza rangi nyeupe. Kama ni lazima upige saa hizo, ingia ndani, sogea karibu na mlango au dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Zima taa ya ndani, maana balbu hupaka kila kitu umanjano. Usiwashe flashi, inalipiga kapu usoni na kulilaza kama karatasi.

Weka kigoda karibu na dirisha. Tandika juu yake kitambaa kisicho na maua, kilichopigwa pasi. Weka chungu, kisha tazama mwanga unavyokijia kutoka ubavuni. Hapo utaona jambo ambalo macho ya haraka hayalioni: alama za vidole vya mfinyanzi zikizunguka shingo ya chungu, mahali alipolainisha, mahali moto ulipoacha doa la moshi. Mwanga wa ubavuni ndio unaozitoa alama hizo. Upande wa pili ukiwa na giza, simamisha karatasi nyeupe ya manila, au kanga nyeupe juu ya kiti, irudishe mwanga kidogo. Hiyo ndiyo studio, na gharama yake haifiki nauli ya kwenda Korogwe.

Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini, kwa kuwa simu hushikwa na mikono yenye jasho na mafuta. Usikuze picha kwa vidole, sogea wewe. Lakini usisogee mno, maana simu ikiwa karibu sana huvimbisha mdomo wa chungu na kuikondesha sehemu yake ya chini, na mnunuzi ataona umbo ambalo mfinyanzi hakulifanya. Rudi hatua moja, kisha kata pembeni baadaye. Egemeza simu kwenye kopo lililojazwa mchanga, weka ihesabu sekunde 3 ndipo ipige, na mkono hautaitikisa.

Vitu vya mkonge vinahitaji uangalifu wa pekee, nasi tunaishi katikati ya mashamba ya mkonge. Kamba yake ina weupe wa maziwa. Ukiiweka juu ya kitambaa cheusi, simu hudhani kuna giza, ikaongeza mwanga mpaka nyuzi zinapotea na kapu linakuwa doa jeupe. Tumia kitambaa cha kaki au kijivu, gusa kapu kwenye kioo cha simu, kisha punguza mwanga mpaka uone kila uzi umelalia mwenzake. Chungu cheusi kinataka kinyume chake: kiguse, ongeza mwanga kidogo, kitoke gizani.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu uangalifu ni sehemu ya upendo. Sasa nije kwenye jambo zito zaidi, nalo ni ukweli.

Walawi 19 inatuagiza tuwe na mizani ya haki na vipimo vya haki. Mithali 20 inasema vipimo vya kudanganya ni chukizo kwa Bwana. Tumezoea kuyasikia maneno haya kwa habari ya kilo na debe. Lakini picha nayo ni kipimo. Kapu dogo la kuwekea yai moja, likipigwa karibu bila kitu cha kulinganisha, linaonekana kama kapu la sokoni. Mnunuzi analipa, anapokea, anashangaa. Hukusema uongo kwa kinywa, ila umepima kwa kipimo cha uongo. Dawa yake ni rahisi: weka kiberiti kando ya kapu, au piga picha moja mkono wa mama ukiwa umelishika, halafu andika urefu na upana kwa sentimita. Piga nje, piga ndani, piga na kitako. Kama kuna ufa au uzi uliokatika, upige nao, uuseme. Usiigeuze rangi ya hudhurungi kuwa nyekundu kwa programu za kupendezesha. Na usichukue kamwe picha ya kazi ya mtu mwingine ukaitangaza kuwa ya kwenu; huko ni kuiba mara mbili, kwa aliyetengeneza na kwa anayenunua.

Watu wa kwanza kuitumia picha waliutambua uzito huu. Mwaka 1844 Mwingereza William Henry Fox Talbot alianza kuchapisha kitabu chake, The Pencil of Nature, na moja ya picha zake za mwanzo ni rafu za vikombe na vyombo vya kaure vya nyumbani. Hakuwa na taa ya umeme, alitumia jua. Akaandika kwamba kama mwizi angeviiba vyombo vile, picha ingeweza kupelekwa mbele ya hakimu kama ushahidi. Tangu mwanzo, basi, picha ya vyombo vidogo vya nyumbani ilifikiriwa kuwa shahidi. Na amri inatukataza kumshuhudia jirani yetu uongo. Inatukataza kumpunja mnunuzi kwa picha iliyopambwa kupita kiasi; nadhani inatukataza pia kumpunja mama kwa picha ya hovyo, iliyopigwa gizani, yenye ndoo na kandambili nyuma yake, inayoifanya kazi yake ya siku nyingi ionekane takataka.

Jambo la tatu ni jina. Wajane hawakusema, "Tazama nguo nzuri." Nguo zile zilikuwa za Dorkasi, na jina lake limetufikia. Katika makumbusho ya Ulaya viko vyungu, vikapu na ngao za Afrika Mashariki vilivyochukuliwa enzi za ukoloni, na mara nyingi kibao kinataja kabila na aliyekusanya, lakini hakimtaji aliyetengeneza. Tusiendeleze kosa hilo kwa simu zetu wenyewe. Muulize mama kama anapenda jina lake liandikwe, na aliandike anavyotaka yeye. Akiona ni heri lisiwekwe, heshima ni kumtii. Muulize pia kabla ya kupiga uso wake na nyumba yake. Kubalianeni bei mbele, na kama kijana atapata chochote kwa kazi yake ya picha, kijulikane wazi tangu mwanzo, fedha isije ikawagombanisha bibi na mjukuu.

Vijana wa usharika, nasema nanyi sasa. Simu mnazo, na mnajua kuzitumia. Mnapiga picha za chakula, za nguo mpya, za nyuso zenu. Sizikatai furaha hizo. Lakini katika nyumba mnazotoka kuna mikono iliyowasomesha kwa kusuka na kufuma, na haina picha hata moja. Mama huyo hawezi kujitembeza, na hatumtaki ajitembeze. Anahitaji mtu wa kusimama karibu na kazi yake. Tena msiishie kwa washirika wa kanisani. Mwalikeni na jirani Mwislamu anayesuka mkeka wa ukili barazani. Nuru ya dirishani haimuulizi mtu dini yake, na upendo wa Kristo hauna ukuta huo.

Na ninyi mama zetu na bibi zetu, msione haya. Mungu alipotaka hema yake ijengwe, alimwita Bezaleli kwa jina, akamjaza roho yake ili afanye kazi ya dhahabu, ya mawe na ya mti. Hiyo imeandikwa katika Kutoka 31. Kama Roho wa Mungu hakuona aibu kuingia katika kazi ya mikono, kwa nini ninyi mwone aibu kuitoa kabatini? Mwacheni mjukuu aipeleke penye mwanga.

Sitaki kuahidi kwamba kila picha itamleta mnunuzi. Nguo za Dorkasi hazikuonyeshwa kwa ajili ya soko. Zilionyeshwa kwa sababu aliyezishona alipendwa, na waliompenda hawakukubali kazi yake iende kaburini bila kutajwa. Petro alipiga magoti akaomba, Dorkasi akafumbua macho, naye akakabidhiwa kwa watakatifu na wale wajane, akiwa hai. Fedha ikipatikana, tumshukuru Mungu, kwa kuwa ada ya shule na dawa vinalipwa kwa fedha. Isipopatikana upesi, bado mama ameona kazi yake imetazamwa kwa heshima na mtu wa nyumbani mwake, na hilo ni tunda la Injili.

Kazi ya juma hili: kila kijana amchague mama au mzee mmoja, amwombe ruhusa, apige kazi yake moja kwa mwanga wa asubuhi, aandike jina, kipimo na bei ya haki. Jumapili, baada ya ibada, tutaziangalia pamoja na wenyewe wakiwapo.

Tuombe. Ee Bwana uliyeumba mikono na kuiwekea ustadi, wabariki wasukaji, wafumaji na wafinyanzi wa Mombo na wa milima yote ya Usambara. Utupe macho ya kuiona kazi ya jirani, na kinywa kisichoidanganya wala kuidharau. Uwafanye vijana wetu mashahidi waaminifu. Na kila shilingi itakayopatikana iwe ya haki, iwalishe wajane na yatima waliomo kati yetu. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.