Amana ya Chombo

Sisi wakazi wa Kibondo na Kasulu, tulio mbali na mwambao wa Ziwa Tanganyika ingawa maji ya mito yetu hulifikia kwa njia ya Malagarasi, twapaswa kulitafakari suala hili: je, yafaa kukikarabati kila mara chombo ambacho hatima yake, kama ya kila kiumbe, ni kutoweka?

Meli ya Liemba ya ziwa hilo, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, baada ya mafundi kuzipaka injini zake grisi nzito ili kutu isizile. Waingereza, waliokuwa adui zao vitani, wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarejea kazini, mabaharia wakaishi tena ndani yake. Baadaye injini za mvuke ziling'olewa, zikatiwa za dizeli, na jina likabaki.

Naitakidi kwamba uhai wa chombo umo katika ahadi ya wanaokitunza, mithili ya nyumba ya udongo ikandikwayo upya kila baada ya masika. Baharia akwanguaye kutu leo, ilhali ajua kuwa itarudi, atimiza amana. Na kutimiza amana ni ibada, hata kama faida yake itavunwa na asiyemjua.